Mlango Uliotazamana na Mkwe

Vijana wangu wa ofisi ya maendeleo, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Sijui ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu aliyeambiwa akapumzike ndiye mwenye haja ya kujua saa, lakini ahsanteni, inagonga vizuri na paka anaiogopa. Mkanitaka pia niwaandikie niliyoyaona kazini. Habari za vyeo sitaandika, maana vilikuja kwa kuchelewa kama treni ya kati na vilipofika viti vilikuwa vimejaa. Nitawaandikia habari za mlango.

Nilishuka stesheni ya Tabora nikiwa binti wa Kizaramo kutoka Kisarawe, cheti cha maendeleo ya jamii mkobani, miguuni viatu vya kisigino ambavyo vumbi liliviua siku ile ile. Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa mpagazi. Akaniuliza kabila langu, nikamtajia. Akautua mzigo wangu chini, akaukalia.

"Mzaramo? Beba mwenyewe! Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka kwenu. Alipofika akaomba maji, mkampigia ngoma!"

Nikamwambia babu yake alikunywa kisima kizima peke yake, ndiyo maana mpaka leo Kisarawe tunahangaika na maji. Stesheni nzima ikacheka, naye akabeba mzigo huku akinitukana kwa furaha hadi ofisini. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani humwambia mtani mwenzake neno lolote, hata msibani, wala hakasirikiwi. Chuoni walinifundisha lishe bora, usafi wa choo na kushona vitambaa vya meza. Utani hawakunifundisha, na ndio ulionifaa miaka yote.

Ofisini nilipokewa na Bi. Tatu binti Sudi, mwenyeji wa Gongoni, hapo hapo mjini, mwanamke wa baibui na tambuu ambaye alikuwa amevizunguka vijiji vyote vya wilaya kabla mimi sijajua kuendesha baiskeli. Alinikabidhi vitendea kazi: ubao wa flaneli na picha za kubandika. Picha moja ilikuwa ya familia bora, baba, mama na watoto wawili mezani, wanakula kwa uma. Kila nilipoibandika wanawake waliuliza swali lile lile: yule baba anachokonoa nini kwenye sahani? Nikafundisha pia kuoka keki kwa sufuria yenye mchanga. Walisikiliza kwa adabu kubwa, wakala keki, wakaniuliza kama naweza kuwaletea mayai mengine, maana ya kwao yalikuwa yakiatamiwa.

Bi. Tatu alinitazama nikirudi nimechoka, akasema, "Mwanangu, ukiingia nyumba ya watu usiwaulize wana shida gani. Watakwambia hawana. Wewe omba maji. Angalia nani anatumwa, nani anafoka, kata ya maji inakuja imejaa au nusu. Ukimaliza kunywa utakuwa umeshajua kila kitu." Nimehudhuria semina nyingi tangu hapo, na bado naomba maji.

Ndipo ikaja miaka ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake na mizinga yake ya nyuki, wakakusanywa pamoja. Katika kijiji kimoja upande wa Kwihara alikuja kijana wa ramani na kamba na vigingi. Akanyoosha barabara, akapanga nyumba safu mbili zinazotazamana, milango yote ikaelekea barabarani, ili kiongozi apitaye kwa gari aone maendeleo bila kushuka. Nani akae wapi? Kila aliyeshuka kwenye lori alipewa kiwanja kilichofuata. Kilikuwa kijiji kizuri mno kwenye karatasi.

Sasa nyie mliozaliwa mjini mnisikilize. Mnyamwezi aliyelelewa hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimwona njiani anaingia porini mpaka mama apite. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na wala si chuki, ni heshima. Zamani mambo yalikuwa rahisi, kwa sababu kwa mama mkwe palikuwa mwendo wa nusu siku. Lakini kamba ya ramani haijui mkwe. Kijana mmoja aliyeitwa Maganga alipewa nyumba upande wa kushoto wa barabara, na ng'ambo yake, mlango kwa mlango, akapewa Bibi Nyanzala, mama mzazi wa mkewe.

Wanaume wengine waliopatwa na balaa hilo walijizoesha. Walitoka wakitazama juu kama watu wanaokagua mawingu. Maganga hakuweza. Akawa anatoka kabla jogoo hajawika na kurudi watu wameshalala. Mtoto wake, kasichana kadogo kanakojifunza kutembea, alikuwa akimwona baba yake analia kama ameona mgeni. Mkewe, Nyamizi, alivumilia masika, akavumilia kiangazi. Nilipokwenda kuomba maji kwake, kata ilikuja imejaa mpaka inamwagika na mletaji hakuniangalia.

Wakati huo huo mkoa ukaletewa mtaalamu. Aliitwa Karin, alitoka nchi ya baridi, na alikuja kuendesha semina za tiba ya familia, tena siyo ile ya kukaa na daktari, bali tiba mbadala, ya michezo, michoro na vikaragosi vya kitambaa vya kuvaa mkononi. Nikapewa mimi nimpeleke vijijini. Alikuwa mtu mwema, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na alikusanya methali kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Kila asubuhi aliandika mpya ubaoni iwe kauli ya siku. Wanakijiji walimpa jina, Mama Vikaragosi.

Kabla ya semina alimwomba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mihayo, amtafutie familia zenye matatizo.

"Hapa kwetu hakuna," alisema Mzee Mihayo. "Tulishamaliza."

"Hata moja?"

"Kama mkoa unazihitaji zitapatikana. Zinatakiwa ngapi?"

Siku ya kwanza wakaja watu waliopangwa, wamevaa nguo za Jumapili. Karin akawaomba waonyeshe kwa maigizo ugomvi wa nyumbani. Baba mmoja akamwambia mkewe, "Mke wangu, leo nimechelewa shambani kwa sababu ya kujitolea." Mke akajibu, "Mume wangu, sikulaumu, kilimo ni uti wa mgongo." Wakapigiwa makofi, wakaenda kunywa chai. Karin akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Nikamwuliza anaandika nini, akasema hajawahi kuona ndoa zenye afya kiasi hiki, na kwamba jambo hilo linamtisha. Ndipo nilipoanza kumpenda.

Tulikuwa tunafunga mikoba Nyamizi alipoingia, mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Mama Maendeleo, mimi sikuandikwa. Lakini ninayo hiyo mnayoitafuta. Jumamosi lori la tumbaku likija, napanda na mwanangu, nakwenda Lusu kwa kaka yangu. Sirudi. Mume wangu hali nyumbani, halali nyumbani, anasema ni mkwe. Wenzake wamezoea, yeye ana lake. Watu wanasema ana mwanamke kwenye pombe. Kama nyie mna dawa, ileteni kabla ya Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Karin akanigeukia, macho yamemjaa machozi, akasema, "Kesho tuiite familia yote. Waketi kwenye duara, watazamane."

Nilimweleza habari za mkwe. Nilimweleza vizuri, kwa mifano. Akaniambia anaheshimu sana mila, ndiyo maana duara litakuwa kubwa.

Kesho yake darasani viti vilipangwa duara. Ubaoni Karin ameandika kauli ya siku kwa chaki ya rangi: MFICHA UCHI HAZAI. Bibi Nyanzala aliitwa na mwenyekiti, akadhani ni habari za mbegu, akakaa. Nyamizi akakaa. Kisha Maganga, aliyeambiwa anaitwa na serikali, akaingia akipiga hodi kwa adabu. Akamwona mama mkwe. Akasoma ubao. Wallahi sijapata kuona mtu akigeuka rangi vile. Mlango ulikuwa umezibwa na watazamaji, basi akapita dirishani, na dirisha lile halikuwa kubwa. Bibi naye alijifunika kanga gubigubi akaondoka akipapasa ukuta, mpaka akagonga ubao ukaanguka.

Kijiji kilicheka kutwa nzima. Nyamizi hakucheka. "Umeona?" aliniambia. "Mtu asiye na jambo anarukaje dirishani?" Jioni nilimkuta anafunga vyombo kwenye shuka.

Nilikasirika, msidhani sikukasirika. Nilimkasirikia Karin, nikamkasirikia kijana wa ramani na kamba yake, na zaidi nilimkasirikia Maganga. Nikawauliza watoto anakojificha, wakanionyesha njia ya kwenda mahame, pale walipokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa. Ilikuwa marufuku kurudi huko. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya zamani isiyo na paa, anakula matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, peke yake, nyuki wanapiga kelele kwenye mizinga. Mwanamke wa pombe hakuwepo, wala pombe.

Kwa kuwa mimi ni mtani, sikuhitaji kubembeleza. "Mnyamwezi gani wewe?" nilimwambia. "Babu zako walipita kwenye simba na wezi mpaka pwani na mizigo kichwani. Wewe mzigo wako ni kibibi kimoja, unauacha na kuruka dirisha! Kwetu Uzaramo ungevalishwa kanga ukacheze unyagoni na wari!"

Akacheka kidogo bila kutaka. "Mtani, kuna jambo," alisema. "Halisemeki."

"Kwa mtani hakuna lisilosemeka."

"Hili halisemeki hata kwako. Na mmeliandika ubaoni."

Sikuelewa. Ila alikubali kuja kesho kumsikiliza mkewe, mradi nimwapie kwamba mkwe hatakuwepo machoni pake. Nikaapa. Usiku huo kwenye nyumba ya wageni sikula, nikiwaza yale maneno ya ubaoni.

Ijumaa hiyo Karin alikuwa na maonyesho ya vikaragosi kwa ajili ya watoto. Alikuwa amefunga shuka jeupe kutoka ukuta hadi ukuta katikati ya darasa, ili mchezaji ajifiche nyuma yake na vikaragosi vitokeze juu. Bibi Nyanzala alikuja mapema. Alikuwa amesikia binti yake anaondoka kesho na mjukuu, akaja kuniomba nizuie. Aliposikia sauti ya Maganga nje akapata hofu, akaingia nyuma ya shuka, akachuchumaa. Karin akamkuta pale, akafurahi mno. Alidhani mama amejitolea kucheza. Akamvalisha kikaragosi cha kuku mkononi, akampigapiga begani, akatoka.

Nilibaki naye nyuma ya shuka. Nilimwona akimtazama yule kuku, macho ya vifungo, mdomo wa kitambaa chekundu. Upande wa pili Maganga akaketi, Nyamizi akaketi mbali naye, na Mzee Mihayo akasimama mlangoni kuwakilisha chama. Nyamizi akasema, "Basi sema. Huyo mwanamke ni nani?"

Maganga akageukia dirisha alilopita jana.

Ndipo kuku akapanda taratibu juu ya shuka.

"Mimi ni kuku," alisema Bibi Nyanzala kwa sauti nyembamba. "Kuku hana mkwe. Kuku anasema na watu wote. Au siyo?"

Watoto waliokuwa dirishani wakaitikia, "Ndiyo!"

"Kuku alikuwa na ua wake wa kuogea, kule porini, hapiti mtu. Wakamleta barabarani. Siku moja alfajiri akatoka kuoga, amejifunga kanga moja tu, imelowa, anakimbilia mlango. Na mlango wa ng'ambo ukafunguka."

Maganga akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mwanamume aliyefungua hakukosa. Alikuwa anakwenda shamba. Alirudi ndani haraka, lakini kuku alimwona, naye alimwona kuku. Tangu siku ile mwanamume huyo hajakaa kwake. Anadhani amelaaniwa. Na kuku amenyamaza kwa aibu, anamtazama binti yake akikonda." Kuku akaanza kutikisika. "Mwanangu Maganga. Kosa si lako, wala langu. Kosa ni la mlango. Uhamishe mlango, baba, upate kula nyumbani kwako."

Mimi nilikuwa nimekaa pale sakafuni nalia kama mtoto, na Bibi Nyanzala analia, ila mkono wenye kuku hakuushusha. Upande wa pili nikasikia Nyamizi akisema polepole, "Na wewe ukanyamaza miezi yote hii?" Maganga akajibu, "Ningekwambiaje? Nimemwona mama yako?" Kisha sikusikia maneno, nilisikia tu mtoto akichukuliwa mgongoni mwa mmoja na kupewa mwingine, akalia, akanyamaza.

Mzee Mihayo akakohoa. "Jambo jema," alisema. "Lakini mlango hauhami. Ramani inasema milango yote ielekee barabarani."

Kuku akamgeukia. "Mihayo, mama mkwe wako ameletwa kijiji gani?"

"Hajaletwa bado. Anakuja na lori la mwezi ujao."

"Kiwanja chake kipi?"

Mzee Mihayo akafikiri. Nilimwona kupitia upenyo wa shuka akihesabu nyumba kwa kidole hewani, kushoto, kulia, kushoto. Akavua kofia. "Ramani ni ya karatasi," alisema. "Karatasi inafutika."

Jumamosi lori la tumbaku lilikuja likaondoka. Nyamizi alikuwa anakanyaga udongo, na Maganga yuko kwenye ukuta wa nyuma na shoka, mchana kweupe, anatoboa mlango. Ule wa mbele wakauziba. Wiki iliyofuata wanaume waliokuwa wakikagua mawingu nao wakashika mashoka, na Mzee Mihayo akaziba wake mapema kabla lori la mwezi ujao halijafika; waliobaki wakaiga.

Karin aliandika ripoti. Alisema vikaragosi vimeleta mafanikio makubwa ya mawasiliano, na mimi sikumpinga. Tangu hapo nimeona nyumba nyingi zisizohitaji vikaragosi, zinahitaji shuka tu. Alipoondoka alimwachia Bibi Nyanzala yule kuku.

Kisha akaja mkubwa mmoja kutoka mkoani, na gari lake, kuona maendeleo bila kushuka. Safari hii alishuka. Barabara imenyooka, kulia kuta tupu, kushoto kuta tupu, hakuna mlango ila ule wa Bibi Nyanzala.

"Mwenyekiti! Kijiji kimenipa mgongo?"

Mzee Mihayo hakutikisika. "Mheshimiwa, haya ni matokeo ya semina ya tiba ya familia. Mtaalamu ametoka nje ya nchi."

Mkubwa akazunguka nyuma, akaona watu wanakula na familia zao, watoto wananenepa, akafurahi, akaandika. Haukupita muda tukapokea agizo wilaya nzima: milango yote ihamie nyuma. Ikatekelezwa hata katika vijiji ambavyo havikuwa na tatizo, ambako nyumba zilipangwa safu nne na nyuma ya nyumba kuna nyuma ya nyumba nyingine. Huko wakwe waliokuwa wamepishana salama kwa miaka wakajikuta mlango kwa mlango. Nikatumwa nikawafanyie semina. Nilikwenda na shuka.

Mimi niliendelea kupita pale Kwihara mara kwa mara. Nilipenda kufika asubuhi, kwa Bibi Nyanzala, kuomba maji. Alikuwa akikaa kwenye mlango wake, yeye peke yake hakuuhamisha, akisema ng'ambo hakuna tena wa kumtazama. Kule nyuma ya nyumba ya ng'ambo ungesikia Maganga akigombana na mbuzi, akimwita mtoto, akiimba vibaya. Bibi alikuwa akisikiliza, na akicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, mwanya wazi. Kisha ananijazia kata.

Alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilikwenda kuzika. Mtani msibani ana kazi yake, kuchekesha wafiwa, nami nilikuwa nimeshalikejeli jeneza, nimeshawatukana wachimba kaburi, watu wanacheka huku wanafuta machozi. Watu walipoingia kumuaga marehemu, Maganga hakuingia. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na mila ni mila. Alibaki nje, ameegemea ukuta ule uliozibwa, mlango wa zamani bado unaonekana alama yake kwenye udongo. Nilipotoka akaniita.

"Mtani, umemwona?"

"Nimemwona."

"Miaka yote hii najua kikohozi chake, najua nyayo zake, najua anavyotwanga. Siku ile ya kanga sikuuona uso, niliona aibu tu. Alikuwa na sura gani?"

Nilitafuta utani. Miaka yote ulimi huu haukunitupa, na siku hiyo ulinitupa. Nikamwambia ukweli tu, kwamba alikuwa na uso mpana, mwanya kama wa Nyamizi, na alama ndogo chini ya jicho. Kisha nikamwambia kwamba kila asubuhi, akimsikia kule nyuma anaimba, alikuwa akicheka.

"Alikuwa ananisikiliza?"

"Kila asubuhi."

Akageukia ukuta, akauwekea kiganja pale palipokuwa mlango. "Kila asubuhi?" aliniuliza tena, nami nikamjibu tena.